Kumwogesha Baba

Kazini kwangu naweza kuiua seli ya neva kwa tone moja la mafuta. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Ekerenyo, nilishindwa kumwogesha baba yangu. Mambo haya mawili nimekaa nayo tangu Agosti, na kila nikiyaweka pamoja uso unanishuka hata nikiwa peke yangu.

Yalianza Desemba iliyotangulia, siku baba alipoingia nyumbani kwangu. Kwetu kila mwana aliyeoa hujenga nyumba yake katika boma la wazazi, nami nina yangu ya mabati, karibu na migomba. Miaka yote baba hakuwahi kuvuka kizingiti chake. Akiwa na neno alisimama nje, akakohoa, nikatoka. Ndiyo mambo tunayoyaita chinsoni, heshima iliyochanganyika na aibu, na kwetu hayana mjadala. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mwana aliyetahiriwa haoni uchi wa babake. Mke wa mwana na baba mkwe wake hawapeani hata mkono. Wajukuu na babu zao hutaniana wanavyotaka, na wanaume waliotahiriwa msimu mmoja hawaoneani aibu yoyote mpaka kaburini. Sisi wengine tunasimama mbali kidogo, tunapendana tukiwa hukohuko.

Siku hiyo baba aliingia bila kukohoa. Akapita makochi, akaenda moja kwa moja chumbani ambako mke wangu alikuwa akikunja nguo, akaketi kitandani na kuanza kufungua kamba za viatu. Mke wangu alitoka kwa mlango wa jikoni, akakaa katikati ya majani chai mpaka jua likatua. Mama ndiye aliyekuja kumshika baba mkono na kumtoa. Hakunitazama. "Chinsoni zimemtoka," alisema, kama mtu anayesema meno yamemtoka.

Kesho yake tulirudi Nairobi. Njiani mke wangu hakuligusia jambo hilo, nami nikashukuru. Kilichonichoma zaidi ni kwamba mimi, ninayelipwa kutazama seli za ubongo zikifa, sikuwa nimegundua chochote. Tangu tufike baba alikuwa akiniuliza kama majani yamechumwa. Nikimjibu ndiyo, anaenda mpaka kwenye ng'ombe, anarudi, ananiuliza tena. Nilidhani ni uzee tu.

Kijijini wananiita daktari. Watu wananifuata kanisani siku ya Sabato wanionyeshe vidonda na karatasi za hospitali. Mama peke yake ananiita daktari wa panya, na ndiye anayesema kweli. Tunatoa seli za neva kwenye ubongo wa vitoto vya panya, tunazilea ndani ya visahani mpaka zirefushe mikono yao na kushikana, halafu tunazidondoshea mafuta fulani yanayoitwa seramidi. Kisha mimi naketi mbele ya hadubini na kungoja.

Seramidi si kitu kigeni kwa seli. Utando unaoizunguka kila seli umejengwa kwa mafuta ya namna nyingi, yamepangana bega kwa bega, na seramidi imo ndani yake, kidogo, imefungwa kwenye molekuli kubwa kuliko yenyewe. Seli ikiwa changa, hicho kidogo huisaidia hata kukua. Lakini seli ikipata shida, ikiwashwa na uvimbe, ikikosa hewa, au ikizungukwa na ule uchafu wa protini unaorundikana kwenye bongo za wazee wengine, kuna kimeng'enya kinachoamka na kuanza kukata molekuli za utando vichwa. Kinachobaki ni seramidi, nayo inaanza kujaa. Ikijaa inafika kwenye mitokondria, pale seli inapotengenezea nguvu zake, inatoboa vitundu, na protini iliyokuwa imefungiwa humo inavuja. Huo uvujaji ndio amri. Vimeng'enya vingine, vikali kama makasi, vinaamka na kuikata seli kutoka ndani, na seli haipingi. Inatii.

Nimeyaeleza haya mbele ya maprofesa bila kugugumia. Mama aliponiuliza nililikoroga.

Alipiga simu wakati wa mvua za Machi. Mama hunisemesha Kiswahili anapotaka kunihoji kama afisa wa serikali. Mengine yote huwa Ekegusii, lugha yetu. "Hiyo kitu inakula mzee kichwa ni nini?" aliuliza. "Wewe si ndiyo unasomea kichwa."

Nilikuwa kwenye ngazi nakimbilia mkutano. "Ni mafuta, mama. Kuna mafuta yanajaa kwenye seli za ubongo yanaziambia zife."

"Mafuta."

"Ndiyo. Nitakueleza vizuri jioni."

Jioni sikumpigia, na kesho yake sikumpigia. Nilipokwenda nyumbani Pasaka nilimkuta akichemsha mboga ya chinsaga kwa maji matupu. Maziwa ya baba yalikuwa yametolewa utando wote wa juu. Parachichi zilikuwa zikiozea chini ya mti, na baba mwenyewe amekonda, shingo inaelea ndani ya kola. Akina mama wa kanisani nao walikuwa wameanza kupunguza mafuta, kwa sababu daktari alisema. Mama alinieleza haya yote kwa fahari, mwiko mkononi, akingoja nimsifu.

Nikaketi kwenye kigoda cha jikoni nikamweleza upya. Mafuta ninayoyasema hayatoki kwenye sufuria. Seli inayatengeneza yenyewe, kwa kuukata ukuta wake yenyewe. Tena hakuna aliyefungua kichwa cha baba akayaona. Sisi tunayaona kwenye panya, na kwenye bongo za watu waliokwisha kufa, na tunakisia.

Mama aliendelea kukoroga. "Kwa hiyo nimemnyima chakula bure."

"Kosa ni langu, mama."

"Na inaweza kuzuiwa?"

Nikamwambia kwamba kuna kimeng'enya kingine kinachoweza kuibadilisha seramidi hiyohiyo mpaka igeuke ndugu yake, na huyo ndugu huipa seli amri ya kuishi. Kwamba kwenye kisahani, mara nyingine, tunaiwahi seli kabla haijaanza kujikata. "Kwenye kisahani," alirudia mama. Akaliinua kopo la mafuta kutoka chini ya meza alikolificha, akachota kijiko kizima akatia kwenye mboga, kisha akatia kingine.

Mwezi wa Julai mama aliteleza kwenye mteremko wa majani chai, manyunyu yakianguka, akavunjika nyonga. Alipasuliwa Kisii mjini, na alipotolewa wodini akapelekwa kwa dada yangu anayekaa humo mjini, kwa sababu kilima chetu asingekiweza. Baba akabaki. Ndipo sote tulipogundua kitu ambacho mama hakuwahi kukitaja: kwamba kwa muda mrefu yeye ndiye alikuwa akimwogesha, akimvua, akimvisha, na kuufunga mlango.

Sasa nani? Dada yangu ni binti yake, haiwezekani. Mke wangu sikuthubutu hata kumtazama nikiwa nafikiria neno hilo. Wanangu ni wasichana wadogo, na utani wa babu na mjukuu haufiki hapo. Tuliajiri mwanamume mmoja kutoka sokoni, na baba akamfukuza kwa mkongojo akiamini ni mwizi wa ndizi. Akabaki baba mdogo, ndugu yake baba anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chai kule Itumbe. Yeye ni wa kizazi kimoja na baba, anaruhusiwa. Nikachukua likizo, nikaja kuwa mpishi na mchotaji maji.

Siku za kwanza mambo yalikwenda. Baba mdogo alikuja kwa bodaboda akitoka zamu, mimi ninaweka beseni la maji vuguvugu mlangoni na kugeuka. Wao wanafunga. Nilisikia maji yakimwagika na wazee wawili wakicheka kwa mambo nisiyopaswa kuyasikia, nami naondoka kwenda kukata nyasi za ng'ombe. Nilikuwa na jambo moja tu nililolitaka katika likizo ile. Tangu nifike, baba hakuwa amenijua hata mara moja. Kila asubuhi nilimwambia, "Tata," yaani baba, "ni mimi," naye alinitazama kwa adabu, kama anavyomtazama karani wa kupima majani, akajibu, "Karibu." Nilitaka aniite mwanawe. Hata mara moja, kisha nirudi Nairobi.

Halafu ikafika siku ambayo baba mdogo hakuja. Asubuhi hiyo baba alikuwa amejichafua kitandani. Niliijua harufu nikiwa bado uani. Nikapiga simu.

"Leo hakuna kutoka," alisema baba mdogo, mashine zikinguruma nyuma yake. "Majani imejaa mpaka nje. Mweke hapo kwa kiti tu."

"Amejichafua, baba mdogo."

"Usiingie," alisema. "Wewe usiingie. Kesho asubuhi nitakuja mapema."

Nami nikalishika neno hilo kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeambiwa nisiingie, basi. Nilichemsha maji yakapoa, nikayachemsha tena. Nilimpitishia chai dirishani. Nilifagia uwanja uliokuwa umefagiwa. Halafu, na hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze, niliketi kibarazani, nikafungua kompyuta na kuanza kusahihisha makala yangu juu ya seramidi na kifo cha seli za neva. Harufu ilinifikia palepale. Nilibadilisha sentensi moja kuhusu vitundu vya mitokondria, nikairudisha ilivyokuwa, nikaibadilisha tena, na nyuma ya ukuta mtu aliyenibeba mabegani kunipeleka shule siku za matope alikuwa ameketi katika uchafu wake, kimya, bila kumsumbua mtu.

Kuna jambo huwa nawaambia wanafunzi ili wakumbuke. Seli inayokufa kwa ajali, iliyopondwa au kuungua, hupasuka na kumwagia majirani yote iliyokuwa nayo, na majirani wanaumia. Inayokufa kwa amri ya seramidi hufa kwa adabu. Inajikunyata, inavikata vitu vyake vipandevipande, inavifunga vizuri ndani ya utando wake, na seli za usafi zinakuja kumaliza bila fujo. Wanafunzi hupenda kusikia hivyo. Siku ile kibarazani niliichukia adabu hiyo. Baba alikuwa akiondoka kwa vifurushi vidogovidogo vilivyofungwa vizuri, na sisi wote, mimi wa kwanza, tulikuwa tukijisifu kwamba hakuna fujo.

Alasiri mlango ulifunguka. Baba alisimama pale ameishikilia suruali kwa mkono mmoja. Alinitazama, na uso wake ukafunguka kwa tabasamu ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu, la kijana.

"Omosani," alisema. Rafiki yangu. "Umechelewa. Twende mtoni kabla jua halijashuka."

Nilielewa papo hapo alikuwa akimwona nani. Alikuwa na mwenzake waliyetahiriwa naye, mtu mwenye mabega mapana kama yangu, ambaye tulimzika nikiwa darasa la sita. Wawili hao walikuwa wakikaa chini ya ghala wakitukana na kucheka hadi mama anawafukuza. Jibu la haki lilikuwa lilelile la kila siku: Tata, ni mimi. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikamtazama miguu, nikaona uchafu uliokauka juu yake.

"Twende," nikasema.

Nikaingia. Nilimwambia mto umejaa, leo tuoge hapa. Akakubali. Nilimvua shati, kisha nikajikaza kisabuni nikamvua suruali. Alikuwa mwepesi. Nilimsugua mgongo, mapaja, kila mahali, na yeye akasimulia. Alinieleza juu ya msichana mmoja wa kituo cha kununulia majani, mwenye mwanya, jinsi alivyompiga chenga babake, jinsi alivyomngojea kwenye migomba, na alichomwambia walipokutana, na kilichofuata. Kilichofuata alikisimulia chote, hakuacha kitu. Msichana mwenye mwanya ni mama yangu. Masikio yaliniwaka mpaka nikadhani yanaonekana. Lakini rika hacheki nusu, na nilicheka, na hata nikamtupia neno moja la utani ambalo siwezi kuliandika hapa. Akafurahi sana. Alisema nimezidi kuwa mpumbavu.

Nilimpigia baba mdogo nikamwambia asijisumbue, nimempata mtu. Dada yangu naye alimshukuru Mungu kwa huyo mtu na kuniuliza tumlipe kwa njia gani, nikasema tutaongea. Basi kila alasiri nikawa marehemu. Nilijifunza kumjibu kwa lugha ya vijana wa zamani. Siku nyingine alinililia kuhusu ng'ombe aliyekufa kabla sijazaliwa, siku nyingine aliniuliza kama na mimi ninawaogopa wazungu wa mashamba ya Kericho. Aibu haikuisha. Nilikuwa naibeba kwenye beseni pamoja na maji. Lakini ngozi yake ilipona, akaanza kulala usingizi mzuri, na nitasema kweli, nilianza kuzingojea saa hizo. Sijawahi kucheka na baba yangu hivyo.

Ila asubuhi nilipomwambia, "Tata, ni mimi," ombi langu lilikuwa limeharibika. Nilitaka anijue. Nilitaka pia asinijue mpaka nimalize kumsuuza. Nilikuwa naomba mambo mawili yanayopigana, tena kwa sala moja.

Siku mbili kabla ya likizo kwisha, nilikuwa nimepiga goti nyuma yake namsugua mgongo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya beseni kubwa, anasimulia. Katikati ya hadithi akanyamaza. Nikadhani amelisahau jina la mtu. Nikaendelea kusugua.

"Majani yamechumwa?" aliuliza.

Ile haikuwa sauti ya mtoni. Ilikuwa sauti iliyokuwa ikikohoa nje ya nyumba yangu.

"Yamechumwa, tata," nikasema, kabla sijafikiri.

Aligeuka polepole. Alinitazama usoni, akautazama mkono wangu wenye sabuni, kisha akajitazama yeye mwenyewe. Nikaiona aibu ikimfikia. Ilipanda kutoka tumboni mpaka shingoni, na mikono yake miwili ikashuka haraka kuufunika uchi wake, akakunja magoti, akakunja mgongo, akawa mdogo kabisa ndani ya beseni.

"Mwanangu," alisema. "Nani amekuruhusu kuingia humu? Toka nje."

Nilitoka. Sabuni ilikuwa ikinidondoka viwikoni. Niliegemea ukuta wa nje, na sijawahi kuona aibu kama ile, sikuiona hata siku ile ya kibarazani, kwa sababu nilikuwa nimemvua nguo mtu aliyekuwa bado yumo ndani ya mwili ule. Nikalia. Huku nikilia kitu kingine kilikuwa kikinipanda kifuani ambacho sikukitarajia. Aliona aibu. Kwa hiyo mahali fulani kwenye giza lile bado kulikuwa na seli zilizoshikana mikono, zilizokuwa hazijapata amri, zenye kujua mimi ni nani na yeye ni nani na kwamba haifai. Ameniita mwanawe. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama hicho kwenye hadubini, na nilikuwa nimekipata kwa kumdhalilisha.

Maji yalikuwa yakipoa na povu lilikuwa bado mgongoni mwake. Nilijua nikirudi kama mwanawe nitamwua kwa aibu, na nisiporudi atashikwa na baridi. Nilisimama pale nikiwa na lile neno lake, mwanangu, nikitamani nilishike kwa muda kidogo zaidi.

Halafu sauti ya kijana ikaita kutoka ndani, yenye kulalamika. "Omosani, maji yako wapi? Unataka nife baridi?"

Nikafuta macho kwa bega, nikaingia nikicheka.